Matembezi ya Utulivu na Kamera katika Milima ya Mbeya, Rungwe, Kitulo na Iringa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanaotaka kutembea katika milima ya Nyanda za Juu Kusini kwa mwendo wa taratibu, wakiwa na kamera au simu, na kwa nia ya kutuliza akili kuliko kufika kileleni. Mwandishi huongoza vikundi vidogo katika milima ya Mbeya na Rungwe, na mara mojamoja Kitulo na Iringa.

Matembezi haya ni ya namna gani hasa?

Ni matembezi ambamo mtu huelekeza akili yake kwenye hatua anayopiga, pumzi anayovuta na kilicho mbele ya macho yake kwa wakati huo, kisha hutumia kamera kuhifadhi sehemu ndogo tu ya alichokiona. Hakuna mashindano ya kufika juu. Anayepanda Mlima Mbeya kwa mazoezi huuchukulia urefu wake, takriban mita 2,820, kama deni ambalo lazima alilipe kabla ya saa sita mchana. Sisi tunaweza kutumia asubuhi nzima kati ya mashamba ya chini na ukingo wa nyasi za juu, tukageuka bila kukikanyaga kilele, na siku ikawa imekwenda kama ilivyopangwa.

Jambo ninalolishikilia kuliko yote ni mpangilio: jicho hutangulia, kamera hufuata. Sehemu kubwa ya majibu yaliyo hapa chini inatokana na kanuni hiyo.

Je, kamera haivurugi utulivu wenyewe?

Huvuruga, ikitolewa mapema. Mwaka 2014 mwanasaikolojia wa Marekani, Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield, alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya ndani ya jumba la makumbusho. Washiriki walitakiwa kupiga picha baadhi ya vitu na kuvitazama vingine kwa macho tu. Kesho yake walikumbuka vizuri zaidi vile walivyovitazama, na kumbukumbu ya vile walivyovipiga picha ikawa imefifia. Inaelekea kwamba mtu akishabonyeza kitufe, akili huikabidhi kamera kazi ya kukumbuka, nayo huendelea na mambo mengine. Lakini utafiti huohuo ulionyesha jambo la pili, ambalo kwangu ndilo lenye thamani zaidi: walioagizwa kuisogeza lenzi hadi kwenye sehemu moja ya kitu hawakupoteza kumbukumbu hiyo, na waliikumbuka hata sehemu ambayo haikuingia kwenye picha.

Kwa hiyo swali si kama mtu awe na kamera au asiwe nayo, bali ni kwamba aliitoa lini na aliielekeza kwenye nini. Katika matembezi yetu kamera hubaki begini hadi tufike kituoni, na hata hapo kila mmoja hutazama kwa dakika tano akiwa mikono mitupu. Anajiuliza mwanga unatoka upande gani, ukungu unaelekea wapi, na ni kitu gani kimoja kilichomvuta kuliko vingine vyote. Mara nyingi kitu hicho hubadilika kabla dakika tano hazijaisha: aliyesimama kwa ajili ya bonde zima hujikuta anatazama utando wa buibui ulioshika umande kwenye jani la jimbi, au moshi wa jiko moja huko chini Mbalizi ambao haupandi kwa sababu hewa ya asubuhi bado ni nzito. Hapo ndipo anaruhusiwa kufungua begi.

Tunaweka pia kikomo cha picha 12 kwa siku nzima. Enzi za filamu, mkanda mmoja wa kawaida ulitoa picha 36, na kila aliyewahi kulipia kusafishiwa mkanda anajua jinsi gharama ile ilivyomfanya afikiri kabla ya kubonyeza. Njia hii ina waliotangulia. Mmarekani Minor White, aliyefariki mwaka 1976, aliwafundisha wanafunzi wake wa upigaji picha kukaa kimya mbele ya kitu kwa muda mrefu kabla ya kugusa kamera, na mafunzo hayo aliyatoa katika chuo cha teknolojia cha MIT, mahali ambapo mtu angetarajia hesabu za lenzi peke yake.

Mimi ni mtu wa dini. Je, hii ni ibada ya dini nyingine?

Swali hili huulizwa na Wakristo na Waislamu kwa uzito uleule, nami nadhani linastahili jibu la wazi. Mazoezi ya kutembea polepole huku mtu akizingatia hatua na pumzi yana historia ndefu katika dini ya Kibudha, na si haki kuficha asili hiyo. Namna inayotumika leo hospitalini na vyuoni imetokana kwa kiasi kikubwa na kazi ya Jon Kabat-Zinn, ambaye mwaka 1979 alianzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts programu kwa wagonjwa wenye maumivu sugu. Katika programu hiyo mazoezi yalitolewa bila mafundisho ya imani, na ndivyo tunavyoyafanya sisi: hakuna sala inayosomwa, hakuna jina linalotajwa, hakuna mkao maalumu unaotakiwa.

Ni kweli pia kwamba kutulia mbele za Mungu si jambo geni kwetu. Walutheri, Wamoraviani na Wakatoliki wa mikoa hii wanayajua mafungo, na Waislamu wanaijua itikafu. Katika vikundi vyangu wapo wanaoutumia muda wa ukimya kusali kimoyomoyo na wapo wanaosikiliza upepo tu, na hakuna anayeulizwa anafanya lipi. Anayeona dhamiri yake bado haimruhusu asijilazimishe. Anaweza kutembea nasi na kupiga picha bila kushiriki vipindi vya kukaa kimya.

Siku ya matembezi hupangwaje?

Tunakutana kabla ya mapambazuko, kwa kawaida saa 11 alfajiri, ili tuwe njiani jua linapochomoza. Nusu saa ya kwanza tunatembea tukizungumza, kwa sababu watu wanahitaji kusalimiana na kumaliza habari za mjini. Kisha kiongozi hutoa ishara na mazungumzo hukoma kwa muda wa saa moja hivi. Katika saa hiyo mwendo ni wa nusu ya kawaida. Tunaanza kwa kuzingatia nyayo: kisigino kikigusa ardhi, uzito ukihama, ardhi ikibadilika kutoka vumbi kwenda matope na kutoka matope kwenda mizizi. Baadaye tunahamia kwenye masikio, na mwisho kwenye macho.

Vituo huwa vitatu au vinne. Kimoja kati ya hivyo ni cha kukaa chini kwa dakika 20 bila kufanya lolote, na hicho ndicho watu hukiogopa kabla na kukisifu baadaye. Mawazo yatakuja: ada ya shule, ujumbe ambao hukujibu, mgonjwa nyumbani. Hayafukuzwi. Mtu anayatambua, kisha anarudisha macho kwenye kitu alichokichagua, mara nyingi kadiri itakavyohitajika. Chai, viazi vya kuchemsha na parachichi huliwa kituo cha mwisho, na hapo mazungumzo hurudi.

Ninaanza tu. Niende wapi kwanza?

Kwa aliye Mbeya mjini ninapendekeza miteremko ya safu ya Mbeya na Loleza, kwa sababu iko jirani na mtu anaweza kugeuka wakati wowote. Loleza, wenye urefu wa takriban mita 2,656, umesimama juu ya jiji lenyewe, na kutoka mabegani mwake unaona paa za mabati zikianza kumeta moja baada ya nyingine kadiri jua linavyopanda. Kileleni kuna minara ya mawasiliano, nayo si mahali pa kupiga picha wala kukaribia bila ruhusa, mteremko unatosha.

Ziwa Ngosi ni hatua ya pili, na kwa maoni yangu ndilo shule bora kuliko zote. Unashuka Isongole katika barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, unachukua bodaboda hadi ukingo wa msitu, kisha unatembea ndani ya msitu wenye mianzi na migomba mwitu kwa saa moja hadi moja na nusu. Sehemu ya mwisho ni kali na ina utelezi, na unaweza kulazimika kushika mizizi kwa mikono. Msitu huu hauna mandhari ya mbali, na hilo ndilo linalomfaa anayejifunza kutazama: macho yananyimwa upeo, yanalazimika kukaa kwenye gome, kuvu, tone na kivuli. Ukifika ukingoni, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,620, ziwa linaonekana chini kabisa ndani ya kreta, kijani kibichi au buluu kutegemea mbingu ilivyo. Wenyeji wana simulizi nyingi kuhusu nguvu za ziwa hili, na inafaa kuzisikiliza kutoka kwa kiongozi wa kijijini mkiwa njiani. Usijaribu kushuka hadi majini. Kuta ni za mwinuko mkali, na ukanda huu wote wa Rungwe ni wa volkano, ambapo kaboni dayoksaidi, gesi inayoweza kumkosesha mtu pumzi, hutoka ardhini katika baadhi ya maeneo.

Mlima Rungwe wenyewe, mita 2,960 hivi, unahitaji siku nzima, miguu iliyozoea na kiongozi anayeijua njia. Msitu wake ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Humo ndimo alimogunduliwa kipunji mwaka 2003, nyani mwenye manyoya marefu ambaye wanasayansi walimtangaza duniani mwaka 2005. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja tangu zamani, na ni maneno yao yaliyowafanya watafiti waanze kumtafuta. Huwa nawaeleza watu habari hii kabla ya saa ya ukimya, kwa kuwa kipunji husikika mara nyingi kuliko anavyoonekana, na sauti yake, ambayo ni kama honi iliyochanganyika na kubweka, haiwezi kumfikia mtu anayezungumza.

Kitulo ni jambo la pekee. Hifadhi hii ya Taifa, yenye kilomita za mraba 412.9, ilitangazwa mwaka 2005 hasa kwa ajili ya mimea yake, na wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Uwanda upo kwenye mwinuko wa takriban mita 2,600, na kutembea kwake ni kwepesi kwa sababu hakuna mlima mkali wa kupanda ila unapoelekea kilele cha Mtorwi, mita 2,961. Zipo aina zipatazo 350 za mimea, na kati yake 45 ni okidi. Kutoka Chimala barabara hupanda kwenda Matamba kwa kona 57, na anayesafiri kwa gari afanye mazoezi ya pumzi tangu hapo, kwa sababu anayefika Matamba akiwa na kizunguzungu hapati utulivu wowote siku hiyo.

Kwa walio Iringa, jiwe la Gangilonga linapandwa kwa muda mfupi na linafaa jioni baada ya kazi. Husimuliwa kwamba Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikuwa akikaa hapo kutafakari, na kwamba ndipo alipopata habari za Wajerumani kumjia. Isimila, umbali wa kilomita 20 hivi kutoka mjini, si mlima bali ni bonde lenye nguzo za udongo na mawe zilizochongwa na mmomonyoko, karibu na mahali palipopatikana zana za mawe za watu wa kale. Nenda mapema, kwa maana kufikia saa nne asubuhi joto huwa kali na vivuli vimekwisha. Udzungwa, yenye maporomoko ya Sanje ya mita 170, huingiwa zaidi kwa upande wa Mang'ula mkoani Morogoro, na inahitaji safari yake yenyewe.

Ni majira gani yanafaa?

Inategemea unachokitafuta. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, na upande wa Tukuyu huendelea hadi Mei kwa nguvu, kwani eneo hilo ni miongoni mwa yale yanayopata mvua nyingi zaidi nchini. Maua ya Kitulo huchanua katika kipindi hichohicho cha mvua, hasa Desemba hadi Aprili, kwa hiyo anayetaka okidi lazima akubali matope. Juni na Julai hewa ni safi na milima ya mbali huonekana, lakini baridi ni kali na usiku wa Kitulo na Makete umande huganda juu ya nyasi. Nyasi hizo nyeupe hudumu muda mfupi sana baada ya jua kutoka. Septemba na Oktoba moshi wa kuandaa mashamba na vumbi hufifisha mabonde; wapo wanaokata tamaa kwa sababu hiyo, mimi naona ndiyo miezi ambayo safu za milima hupangika kwa rangi zinazopungua moja baada ya nyingine, jambo ambalo hewa safi ya Juni haiwezi kulitoa.

Katika miezi ya mvua radi hupiga mara nyingi alasiri. Tunahakikisha tumeshuka kutoka kwenye migongo iliyo wazi kabla ya saa nane mchana, na ngurumo ya kwanza ikisikika tunageuka hata kama jua bado linawaka.

Mwanga mzuri ni wa saa ngapi?

Mbeya iko magharibi ya Dar es Salaam huku saa zetu zikiwa zilezile, kwa hiyo jua hapa huchomoza zaidi ya dakika 20 baadaye kuliko pwani. Kwa mwaka mzima hutoka kati ya saa 12:15 na saa 1:00 asubuhi, na Juni na Julai ndiyo miezi ya kuchelewa zaidi. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua hupanda wima na mwanga laini wa asubuhi huisha haraka. Ndani ya nusu saa vivuli huanza kuwa vikali. Kwa sababu hiyo ni muhimu kuwa umeshaketi mahali pako kabla ya muda huo, badala ya kukimbia kutafuta pembe wakati mwanga umeshafika.

Ngosi ni tofauti. Asubuhi kuta za kreta huliweka ziwa kivulini, na ukungu hulifunika mara kwa mara. Rangi ya maji hutokea jua likiwa juu, karibu na saa sita mchana, ambao ndio wakati vitabu vingi vya upigaji picha humwambia mtu aweke kamera chini.

Simu yangu inatosha, au ninunue kamera?

Inatosha. Usinunue chochote kwa ajili ya matembezi ya kwanza. Zima data na milio, weka simu katika hali ya ndege, na ujifunze mambo mawili tu: kushikilia kidole kwenye kioo hadi simu ifunge ulengaji na mwangaza, kisha kupandisha au kushusha mwangaza kwa kidole. Mwenye kamera ya lenzi za kubadilisha aje na lenzi moja. Anayebeba tatu hutumia akili yake kuchagua kati ya lenzi, na muda wa kutazama unapungua.

Picha zangu za ukungu hutoka kijivu. Nifanyeje?

Kamera hukadiria kwamba kilicho mbele yake kina mwangaza wa wastani, hivyo ikikutana na weupe mwingi huutia giza. Ongeza mwangaza kwa kiwango kimoja hivi kuliko kamera inavyopendekeza, na ukungu utarudia weupe wake. Kisha tafuta kitu kimoja cheusi kilicho karibu, kama shina, jiwe au mtu aliyejitanda khanga, ili jicho la mtazamaji lipate pa kusimama. Ukungu wa milima ya Uporoto hufunga na kufunguka ndani ya dakika chache, na anayekaa mahali pamoja huona picha nyingi zikimjia bila kusogea.

Maporomoko ya maji ni habari nyingine. Ukitaka maji yaonekane laini, punguza kasi ya shata, yaani urefushe muda ambao kamera hupokea mwanga, hadi robo ya sekunde au hata sekunde moja, na uegemeze kamera kwenye jiwe au stendi.

Nivae nini, nibebe nini, na mwinuko utanisumbua?

Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo anayetoka mjini Mbeya, mita 1,700, akiwa ameridhika na fulana atahitaji sweta na koti la mvua juu. Anayetembea polepole hupoa upesi kuliko anayepanda kwa nguvu. Dakika 20 za kukaa chini bila blanketi dogo au kofia ya sufu humfanya mtu afikirie baridi peke yake. Viatu viwe na soli yenye meno. Beba maji lita moja na nusu, tochi, na mafuta ya kukinga jua, kwa kuwa miale ya jua huwa mikali zaidi mlimani hata kukiwa na mawingu.

Kwenye mita 2,900 shinikizo la hewa huwa takriban asilimia 70 ya lile la pwani. Wengi huhisi tu kuhema zaidi na pengine maumivu kidogo ya kichwa. Anayefika kutoka Dar es Salaam alale Mbeya au Tukuyu usiku mmoja kabla ya kupanda, na mwenye ugonjwa wa moyo, pumu au ujauzito amwone daktari kwanza.

Betri hupungua nguvu kwenye baridi, hivyo iweke ya akiba kwenye mfuko wa ndani wa shati. Ukirudi kwenye nyumba au gari lenye joto, iache kamera ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa, la sivyo mvuke utagandamana kwenye lenzi.

Ninahitaji vibali gani?

Hifadhi za Taifa kama Kitulo na Udzungwa ziko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) na zina kiingilio, ambacho kwa raia wa Afrika Mashariki ni nafuu kuliko kwa wageni wengine. Hifadhi za misitu nazo zina tozo. Malipo ya serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba, kwa simu au benki, kwa hiyo usimkabidhi mtu fedha taslimu njiani. Upigaji picha wa biashara na utengenezaji wa filamu una vibali vyake vya ziada. Droni haziruhusiwi kurushwa bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na ya wenye eneo, na katika matembezi haya hatuzitumii kabisa, kwa sababu mlio wake humwondolea kila mtu bondeni kile alichokuja kukitafuta. Kambi za jeshi, vituo vya polisi na mitambo ya mawasiliano havipigwi picha.

Vipi kuhusu kuwapiga picha wenyeji?

Salimia kwanza. "Ugonile" kwa Wanyakyusa, "kamwene" kwa Wahehe na Wabena, na shikamoo kwa kila aliyekuzidi umri. Mama anayechuma chai Katumba au mzee anayechunga ng'ombe Kitulo yuko kazini kwake, na amani unayoiona katika picha yake inaweza kuwa ni uchovu. Eleza wewe ni nani na picha itakwenda wapi, kisha ukubali jibu. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na picha ya uso wa mtu ni taarifa yake. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, ningedai hivyohivyo. Watoto hawapigwi picha bila ruhusa ya mzazi au mlezi, hata wakikimbilia kamera wenyewe.

Yapo pia maeneo ya matambiko, misitu midogo au mapango ambayo Wasafwa, Wanyakyusa na Wakinga wanayaheshimu. Kiongozi wa kijijini akisema hapa hatuingii au hapa hatupigi picha, hatubishani naye na hatuombi sababu.

Naruhusiwa kusambaza picha za okidi mtandaoni?

Picha, ndiyo, mahali, hapana. Viazi vya okidi vimekuwa vikichimbwa kwa wingi katika nyanda hizi na kuuzwa ng'ambo ya mpaka, Zambia, ambako hutengenezwa chakula kiitwacho chikanda, na biashara hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu za kuilinda Kitulo. Simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Zima huduma hiyo kabla ya kuanza kutembea, na ukichapisha andika "Nyanda za Juu Kusini" tu. Usilivute ua ili likae vizuri, usikanyage jirani zake ili ulikaribie. Lala chini pembeni ya njia, au liache. Kuna okidi nyingi nzuri ambazo hazijapigwa picha na yeyote kati yetu, na zimechanua tena mwaka uliofuata.

Nina msongo wa mawazo. Je, matembezi haya yataniponya?

Matembezi si tiba, na simwahidi mtu uponyaji. Wengi husema wanalala vizuri zaidi usiku wake na kwamba fikra zinazojirudiarudia hupungua kelele. Lakini huzuni isiyoisha kwa wiki kadhaa, kukosa usingizi kwa muda mrefu au mawazo ya kujidhuru ni mambo ya kupeleka hospitali, na ni vyema mtu aende akiwa na ndugu. Kuna pia watu ambao kukaa kimya huwaamshia kumbukumbu za matukio mabaya. Aliye na historia ya namna hiyo anieleze faraghani mapema: hatafumba macho, atakaa karibu na mwenzake, atatazama vitu vya mbali badala ya kuzingatia pumzi, na anaweza kusimama na kutembea wakati wowote.

Naweza kwenda peke yangu?

Kwenye Gangilonga au miteremko ya chini iliyo karibu na nyumba, ndiyo, ukiwa umemwambia mtu unakokwenda na saa ya kurudi. Ngosi, Rungwe na Kitulo, hapana. Kiongozi wa kijijini anajua njia wakati ukungu umeifunika, anajua ni wapi siafu wamevuka, na malipo yake ni sababu mojawapo ya kijiji kuendelea kuulinda msitu. Mweleze tangu mwanzo kwamba utasimama mara nyingi bila kuzungumza, na umlipe kwa siku nzima, si kwa safari.

Nikisharudi, picha nizifanyie nini?

Usizifungue usiku uleule. Zihifadhi mahali pawili, kisha ziache kwa wiki moja. Kabla ya kuziangalia, andika kwa kumbukumbu tu ulichokiona katika kila kituo; ndipo ulinganishe maandishi yako na picha. Mara nyingi utakuta kwamba jambo lililokugusa zaidi halimo katika yoyote kati ya zile 12, na huko ndiko pa kuanzia matembezi yanayofuata. Chagua tatu, uzichapishe kwenye karatasi katika studio ya mjini, kwa kuwa picha iliyo ukutani hutazamwa tena na tena ilhali iliyo kwenye simu hupitwa. Kama uliahidi nakala kwa mtu uliyempiga picha, ichapishe pamoja na zako na umpe kondakta wa kosta au kiongozi wako aipeleke kijijini ndani ya mwezi huohuo.